Besa ya Mwalimu Drande

Mwalimu Drande alifundisha kijijini kwetu miaka ishirini na sita, na kila majira ya baridi wanafunzi walimsumbua awape hadithi. Mwaka ule akawatungia moja ndefu: msichana kipofu anaazima macho ya jini wa mlimani ili amtafute kaka yake aliyepotea, na anaahidi kuyarudisha. Je, atayarudisha, abaki kipofu? Hapo Drande akakatiza, akawapa besa. Kwetu besa ni ahadi isiyovunjwa, neno lako na uso wako kwa pamoja. Alisema mwisho watausikia wao kumi na mmoja kabla ya mtu mwingine yeyote.

Bi Shpresa, mchapishaji wa Tirana, mji wetu mkuu, akaitaka hadithi hiyo iwe kitabu. Mswada wote ushuke na basi la Ijumaa, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Alhamisi Drande akawasomea watoto kumi mwisho wake. Wa kumi na moja, Mrika, alikuwa amezuiwa na theluji kwao, ng'ambo ya mlima.

Basi likaondoka bila bahasha ya mswada, maana Mrika alikuwa hajausikia mwisho. Nilimwambia Drande usoni kwamba ni mjinga, mtoto wa miaka tisa hatajua.

"Mimi nitajua," akanijibu, akafunga viatu vyake vipana vya theluji, akaenda. Nilikasirika hata kahawa ikanishinda.

Jumamosi asubuhi simu ya dukani kwangu, ya pekee kijijini, ikalia. Bi Shpresa alikuwa anafoka: mwandishi gani huyu asiyejua maana ya tarehe? Na mimi niliyemwita mjinga jana yake nikajikuta namtetea kama dada yangu.

"Mama, alimpa mtoto besa," nikasema. "Amevuka mlima kwenda kuitimiza."

Bi Shpresa akaacha kufoka.

"Theluji imefika wapi huko?"

"Mapajani."

"Mwambie namngoja hadi Jumatatu," akasema taratibu. "Sitaki kuulizwa nani alimvunjisha mwalimu besa yake. Na wewe usithubutu kuniambia mwisho."

"Hata mimi siujui, mama."

Drande alirudi Jumapili adhuhuri, midomo imepasuka kwa baridi, anacheka peke yake. Nilipompa habari alikaa juu ya gunia la unga akalia, nami nikalia, sioni haya kusema.

Kitabu kilitoka theluji ilipoyeyuka. Siku kilipofika, Mrika alisimama mlangoni kwangu, mikono kiunoni, akamtangazia kila aliyekinunua kwamba yeye aliujua mwisho kabla ya Tirana nzima.