Mulango wa Tonton Bahati

Tonton Bahati alifunga mulango wa chuma juu ya vidole vya papa yangu, kisha akausukuma tena kwa bega. Nilikuwa pale, binti mudogo, na sahani ya samaki sambaza mukononi. Nilizani upepo ndio uliufunga, na yeye anajaribu kuufungua.

Juzi mutoto wangu alinionyesha mu telefone nyimbo za papa, mutu mumoja amezikusanya zote pamoja. Wasikilizaji wanaandika chini yake: "Gitaa ya huyu muzee inalia kuliko zote, mbona hakujulikana?" Bahati, aliyekuwa mukubwa wa orkestra yao, ule niliyemuita tonton, mujomba, amewajibu: "Ulevi. Aliacha mwenyewe."

Ulevi! Papa hakuonja hata kasiksi, ile pombe ya ndizi.

Ile muchana, kwetu Cimpunda, nyumba ilinuka mawese, na papa alikuwa amemwambia Bahati kwamba anahamia orkestra ingine. Kisha ule mulango. Bahati mwenyewe ndiye alifunga vile vidole na leso yake nyeupe, akaniambia, "Usilie, maman, papa yako atapona."

Nikamujibu, "Aksanti, tonton." Nilimuona mutu muzuri sana.

Papa hakupiga gitaa tena. Mupaka kufa alikula na mukono wa kushoto.

Bahati, ungali hai, na kuandika unajua. Waandikie hao watu, pale pale chini ya nyimbo: ni nani alisukuma mulango?