Ubao wa Stoo kwa Mama

Laiti ningemuuliza mama kwanza, leo nisingekuwa napita kichochoroni kumkwepa baba mkwe.

Bunduki yake ya zamani, anayochezea ngoma ya razha harusini, ilipasuka kitako. Nikajitia ufundi, mimi ninayeshinda ofisini na kompyuta! Nikamwambia mkwe, "Ami, niachie, ntakuchongea nyumbani."

Stoo kwa mama, hapa Hail, nikakuta ubao wa msaji mpana, umelala bure. Nikakata, nikachonga, nikapiga msasa na mafuta mpaka ukang'aa.

Siku ya harusi ya shemeji, uani kwa mkwe kule Sib, ami akalaza shavu juu ya kile kitako, akalenga juu apigwe picha.

"Mashaallah, laini! Mbao umepata wapi, mwanangu?"

"Stoo kwa mama, ami."

Mama alikuwa akipita na chetezo cha udi. Akasimama. "Ubao upi? Ule wenye matundu ya kupitisha maji?"

Nikaitikia kwa kichwa, bado natabasamu.

"Yarabi! Huo ndo alooshewa bibi yako alipokufa! Nami nliuweka nije nioshewe mimi."

Ami alikuwa hajaondoa shavu.