Macho Katika Sahani ya Mtakatifu Lusia

Nilipokuwa bado mtoto wa kutumwa maji, pale Butembo, juu ya kitanda cha koko, mama mzazi wa mama yangu, palitundikwa picha ndogo kama kiganja. Ilikuwa ya Mtakatifu Lusia. Kwa mkono mmoja alishika tawi la mtende, alama ya waliouawa bila kumkana Mungu. Kwa mwingine alishika sahani, na ndani ya sahani macho mawili yalinitazama popote niliposimama. Ukingoni mwa karatasi majani madogo yaliyopigwa chapa yalitokeza juu kama mshono, ukiyapapasa.

"Usiguse ile macho," koko alinionya. "Mwenye kuigusa, nyumba yake itabakia mu giza."

Jumamosi moja kabla ya Pasaka mama alikuwa akipaka kuta chokaa, nami nikataka kumfurahisha koko. Nilichovya kitambaa katika maji ya sabuni, nikasugua picha yake iliyojaa moshi. Moshi ulitoka. Macho ya sahani nayo yakatoka. Nikaitundika upesi, nikakimbilia kwa mama kumshikia chokaa.

Siku chache baadaye koko alikaa kuchambua maharagwe. Akabakiza mawe, akatupa maharagwe.

"Koko, unatufungisha chakula hata Pasaka?" kaka yangu akamcheka.

"Hapana mimi. Ni macho inaniacha."

Nikakumbuka onyo lake. Siku ya tatu nilishindwa kuficha, nikapiga magoti mbele yake.

"Koko, ni mimi niliua macho yako. Nilisugua Mutakatifu."

Aliitoa picha ukutani. Hakuitazama. Alipitisha kidole kwenye majani ya ukingo, Salamu Maria moja kwa kila jani, kisha akashuka hadi kwenye sahani, pale karatasi ilipochubuka. Kidole kikatulia.

"Nilijua tangu siku ile. Karatasi ilikuwa ingali na maji." Akacheka. "Ukungu iko mu macho yangu tangu zamani, mbele ya sabuni yako, mutoto. Njo maana nasomaka Salamu Maria na kidole."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nangoja uje mwenyewe. Sasa leta maharagwe. Ile macho ya sahani ni wewe."

Nilimchambulia maharagwe mpaka alipofariki.

Sasa naishi Beni, na picha iko juu ya kitanda cha binti yangu. Onyo la koko lilitimia, giza liliingia nyumbani, machoni mwa koko. Ila sijasahau kwamba aliyekuwa gizani ndiye aliyenishika mkono. Juzi binti yangu aliuliza Mtakatifu amebeba nini kwenye sahani tupu. Nilichukua kidole chake, nikakiweka kwenye jani la kwanza.