Zamu Yangu ya Alfajiri

Mtoto wetu wa kwanza alipotimiza miezi minane alianza kuamka saa kumi alfajiri. Sisemi kuamka kwa kunyonya na kulala tena, hilo tulishalizoea. Aliamka moja kwa moja. Alikaa katikati ya kitanda, kati yangu na mama yake, akatupapasa nyuso, akatuvuta masikio, akapiga kelele za furaha. Nje bado giza. Redio ukiwasha, unasikia mkwaruzo tu, matangazo hayajaanza. Yeye alikuwa ameshamaliza kulala na anataka mtu wa kucheza naye.

Tulikuwa tunaishi Ilembo, pembeni ya mji wa Mpanda, kwenye nyumba ya tofali za kuchoma yenye vyumba viwili. Uani kulikuwa na jiko, na ubavuni mwa jiko chumba kidogo cha wageni. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mke wangu alikuwa fundi wa kushona. Alikuwa na cherehani yake ya miguu kwenye baraza la duka moja karibu na soko, na mtoto alikwenda naye kila siku. Alimlaza miguuni pake, ndani ya boksi kubwa la sabuni lililotandikwa vitenge.

Mwanzoni mke wangu ndiye aliyeamka naye. Mimi niligeukia ukutani na kujifunika, na nasema hivyo bila kujisifu. Niliona ni kazi ya mama, kama wanaume wengi niliowajua walivyoona. Hali hiyo iliendelea karibu mwezi mzima. Halafu siku moja mchana, watu wakaja kuniita shuleni. Mke wangu alikuwa amesinzia huku miguu yake bado inakanyaga cherehani, na sindano ikapita kwenye kidole chake cha shahada, ikaingia juu ya ukucha na kutokea chini.

Nilimkuta ameketi kwenye baraza, kidole kimefungwa kipande cha kitambaa kilicholowa damu. Hakuwa analia. Aliniambia tu kwamba sare aliyokuwa anashona imechafuka na itabidi aifue kabla mwenyewe hajaja. Niliinama nikaiokota ile sare. Nikamwambia kuanzia kesho alfajiri ni zamu yangu.

"Utaweza?" akauliza.

Nikasema nitaweza. Sikuwa na uhakika.

Siku za kwanza nilikaa na mtoto sebuleni, nimewasha taa ya chemli. Nilimpa vijiko, kopo la unga, kipande cha chaki. Alivichezea kidogo akachoka, akaanza kulia, na kilio kikamwamsha mama yake. Ndipo nikagundua kwamba akiwekwa mgongoni ananyamaza. Nikachukua kanga ya mke wangu, nikajifunga mtoto mgongoni kama nilivyowaona wanawake wakifanya, nikatoka nje kwenye baridi. Mwezi wa sita Mpanda asubuhi inauma. Niliweka koti langu juu ya mtoto, nikatembea naye barabarani mpaka karibu na kisima cha pampu, kisha nikageuza. Nilihakikisha nageuza kabla wanawake hawajaanza kufika na ndoo zao. Mwanaume mwenye mtoto mgongoni angesemwa mtaa mzima, tena mwalimu.

Tulijaribu kila tulichoshauriwa. Muuguzi wa kliniki alimpima, akachora alama kwenye kadi, akasema mtoto ana afya, tumpe uji mzito zaidi jioni. Tukampa uji wenye karanga. Alishiba, akalala mapema, na saa kumi akaamka na nguvu mpya. Jirani yetu, mama mmoja mwenye asili ya Burundi aliyekuwa anatwanga muhogo kila asubuhi, alidhani ni kelele za kinu chake. Akahamishia kinu nyuma ya nyumba bila sisi kumwomba. Alikuwa na roho nzuri, lakini mtoto aliamka kabla hata yeye hajaamka. Nikaziba dirisha kwa blanketi nikidhani ni mwanga, ingawa saa kumi hakuna mwanga wowote. Nadhani nilikuwa nimeshachoka kufikiri.

Baada ya mavuno, mama mkwe akaja kumwona mjukuu. Alitoka Kasansa, kwenye mashamba ya mpunga, akapanda lori, akapita Sitalike, akafika kwetu jioni amejaa vumbi na gunia la mchele. Alikuwa mama mrefu, mtaratibu, asiyesema sana. Kwa desturi za nyumbani kwao, mkwe wa kiume na mama mkwe hawazoeani. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, na mwenye neno hulipitisha kwa mtu mwingine. Akalala kwenye kile chumba cha uani. Mimi nikiwa sebuleni, yeye yuko jikoni. Nikitoka uani, yeye anageukia upande wa pili.

Sasa hapo ndipo shida yangu ilipokuwa. Alfajiri mbili za kwanza nilimzuia mtoto ndani kwa kila njia, nisije nikaonekana. Alfajiri ya tatu alilia mpaka nikaogopa. Nikamfunga mgongoni na kanga, nikafungua mlango wa uani taratibu, nikaanza kuzunguka. Nilikuwa namwimbia kwa sauti ya chini wimbo wa kuhesabu tuliokuwa tunawafundisha darasa la kwanza. Nilipogeuka kwenye kona ya jiko, mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni kwake, ameshika kijinga cha moto.

Sote tuliganda. Nilitazama chini. Nilikuwa nimevaa suruali ya kulalia, kanga yenye maua mekundu imefungwa kifuani, na mtoto amelaza shavu mgongoni mwangu, anacheka. Mama mkwe alirudi ndani, akafunga mlango polepole. Nikaingia ndani nikiwa nimelowa jasho kwenye baridi ile. Niliona nimemvunjia heshima, na nimejivunjia mimi pia. Nilimwambia mke wangu kwamba mama yake atakwenda kusema nyumbani kuwa binti yao ameolewa na mtu wa ajabu. Mke wangu alinijibu kwamba mama yake si msemaji, akageuka akaendelea kulala.

Kuanzia siku ile mama mkwe akaanza kufuatana na binti yake mjini. Alitandika mkeka pembeni ya cherehani, akakaa kutwa. Hakueleza anatafuta nini. Siku ya tatu jioni, mimi nikiwa sebuleni nasahihisha madaftari, nilisikia sauti yake kutoka jikoni. Alikuwa amempakata mtoto na kuongea naye, lakini aliongea kwa sauti ya kutosha kufika kwangu.

"Mjukuu wangu, mwambie baba yako hivi. Wewe si mgonjwa, wala hakuna aliyekufanyia ubaya. Cherehani ikianza kulia tu, wewe unalala. Ikinyamaza, unaamka. Ikilia tena, unalala tena. Saa nane mpaka jua linazama ni usingizi mtupu. Sasa usiku unabaki na usingizi gani?"

Kalamu ilibaki mkononi. Miezi yote ile tulikuwa tunachunguza usiku, na hakuna aliyewahi kutazama mchana. Mke wangu alifurahi akimwona mtoto ametulia ili amalize kazi, na mimi nilikuwa sipo. Nilijibu kwa njia ile ile. Nilisema, "Mwanangu, mwambie bibi yako nimesikia, na ninashukuru sana."

Kesho yake mama mkwe akaanza kumrudisha mtoto nyumbani kila saa nane mchana. Akamwacha alale kidogo tu, kisha akamwamsha akamweka chini uani atambae, akimbizane na kuku. Siku ya kwanza ilikuwa ngumu. Mtoto alikuwa anataka ile sauti ya cherehani, akalia alasiri nzima mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni. Usiku alilala kama mzigo, lakini saa kumi akaamka vilevile. Mke wangu akavunjika moyo. Bibi akapitisha neno kwamba mwili hausahau kwa siku moja, tuvumilie. Siku ya nne akaamka saa kumi na nusu. Mwisho wa wiki, saa kumi na moja.

Halafu kuna asubuhi nilifumbua macho nikaona mstari wa mwanga juu ya ukuta, pale bati lilipokutana na tofali. Nje jirani alikuwa anatwanga. Kitandani kimya. Nilishtuka, nikaweka mkono kifuani kwa mtoto juu ya blanketi, nisisikie kitu. Nikamwamsha mke wangu. Yeye akainama, akaweka sikio.

"Amelala," akasema. Kisha akaanza kucheka bila sauti, mabega yanatikisika, mkono umefunika mdomo asimwamshe. Nami nikacheka. Shuleni nilifika wanafunzi wameshatoka mstarini. Mwalimu mkuu aliniuliza kuna nini nyumbani. Nilipomwambia kwamba mtoto amelala mpaka saa kumi na mbili na nusu, alinitazama kama mtu asiyejua anipe pole au pongezi.

Mama mkwe alikaa nasi wiki mbili zaidi. Asubuhi ya kuondoka, lori likisubiri barabarani, alimpa mtoto mikononi kitenge kikubwa cha rangi ya kahawia, kipya, kilichokunjwa vizuri. Nilikuwa nimesimama mbali kidogo, nimeshika gunia lake, ambalo safari hii lilikuwa na sukari na vitambaa.

"Mwambie baba yako," akasema, "ile kanga ya mama yako ni fupi kwa kifua chake, ndiyo maana unateleza. Afungie hiki."

Niliinamisha kichwa tu. Yeye akapanda lori, akakaa, akatazama mbele.

Alipoondoka ilibidi tujue nani atamtoa mtoto kwenye lile baraza mchana. Vipindi vyangu vilikuwa vinaisha saa nane, kwa hiyo kazi ikawa yangu tena, ila sasa ilikuwa mchana kweupe. Nilimpitia mtoto kwa mama yake na kutembea naye kutoka sokoni mpaka Ilembo, kupita stesheni, kupita kwa mafundi baiskeli, kupita kisimani. Wiki ya kwanza nilimbeba mikononi. Mikono ikauma. Wiki ya pili nikamfunga mgongoni kwa kile kitenge. Watu walitazama, na wengine walisema waliyosema. Wanawake wa kisimani walicheka siku mbili tatu. Mmoja wao akanionyesha namna ya kukaza fundo lisilegee, na baada ya hapo wakawa wananisalimia tu kama mtu mwingine yeyote anayetoka kazini.

Meno ya nyuma yalipoanza kutoka, mtoto aliamka tena saa kumi kwa muda, na tulipata taabu, lakini hatukuogopa. Mke wangu alishona sana mwaka ule. Kidole chake kilipona, kikabaki na alama ndogo nyeupe kwenye ukucha. Mimi alasiri nilikaa uani na mtoto, madaftari ya wanafunzi mapajani, nikisahihisha kwa mkono mmoja na kwa mwingine nikimzuia asiyale.