Jino la Maski kwenye Mwerezi

Bagalwa alikuwa fundi seremala, na ole wako umwambie kwamba alikuwa zamani. Angekukata jicho mpaka utafute mlango. Kule Bukavu alichonga vitanda, madirisha na hata jeneza la padri wao, na vita vilipomkimbiza hakubeba godoro. Alibeba randa, msumeno na patasi tatu. Vyombo hivyo vilikaa naye miaka kumi na mmoja katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, vikapanda naye ndege, vikashuka naye Minnesota. Hapa Maplewood akapewa kazi ya kukunja mashuka katika chumba cha kufulia cha hospitali. Ni kazi ya heshima, mshahara unafika, hana la kulalamika. Ila jioni akiitazama mikono yake ilikuwa laini, na ulaini huo ulimtia aibu.

Ndipo akajijengea meza ya kazi garajini, na ugomvi ukaanzia hapo. Garaji yenyewe ilijengwa iingie gari moja tu, na meza ya Bagalwa ilikula nusu nzima.

Mkewe Mukamana alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee huko Woodbury, zamu ya saa kumi na mbili asubuhi. Kila majira ya baridi gari lililala nje. Saa kumi na moja alfajiri mama wa watu alisimama kwenye theluji, akikwangua barafu ya kioo kwa kadi ya benki, vidole vimekufa ganzi. Alivumilia mwaka wa kwanza, akavumilia na wa pili. Mwaka wa tatu, 2016, akasema imetosha.

"Papa Reine," alimwambia, akimwita kwa jina la binti yao aliyekuwa chuoni Duluth, "hiyo meza inanitesa. Ungekuwa unatengeneza hata kigoda, ningenyamaza. Lakini unatengeneza samaki wa mti!"

Alisema kweli. Bagalwa alikuwa akichonga chambo. Naftali, nesi Mkisii wa Coon Rapids ambaye walisali naye kanisa moja, alikuwa na kimashua cha bati na tamaa moja kubwa, kumvua maski. Huyo maski ni samaki wa maziwa ya huku, mrefu kukufika kiunoni, mwenye mdomo wa bata na meno ya mbwa. Wenyeji humwita samaki wa mitupo elfu kumi, maana utatupa ndoano mpaka bega lilie. Yeye hali mnyoo. Anataka chambo kikubwa cha mti kinachoogelea kama kitu hai, na madukani kimoja kinauzwa bei ya kukutoa jasho. Bagalwa aliposhika kimoja mkononi, alicheka. "Hiki nacho wanauza? Ngoja nikuchongee cha maana."

Basi mume na mke wakakubaliana kama watu wazima. Ikifika Jumamosi ya mwisho ya Oktoba na hakuna maski aliyenaswa na mti wa Bagalwa, meza itavunjwa na vyombo vitauzwa. Bagalwa aliitikia haraka, halafu akaenda garajini akainoa randa yake. Aliogopa. Bila ile randa angebaki mtu wa kukunja mashuka, basi.

Na hakuanza vizuri hata kidogo. Chambo cha kwanza alichonga sambaza, wale dagaa wa ziwa Kivu aliowala tangu anaota meno. Kwake yeye, samaki mkubwa angekula nini kama si sambaza? Akatia macho, akatia magamba, kazi safi. Cha pili kikawa sambaza. Cha saba kikawa sambaza, kimenenepa kidogo. Kiangazi chote wakavitupa katika ziwa la Bald Eagle, na maski hawakuja hata kunusa.

"Mzee, hawa dagaa wako hawana viza," Naftali alimtania.

Aliyemfungua macho alikuwa Mukamana mwenyewe, akimenya vitunguu, wala hakugeuka. "Samaki wa huku amemwona sambaza wapi? Wewe ulipofika, si ulikataa jibini mwezi mzima?"

Lo! Bagalwa akawaweka sambaza wake kando. Jumamosi iliyofuata hakutupa kitu. Alizunguka gatini akichungulia ndoo za wavuvi wengine, akaona visamaki vya manjano vyenye mistari ya kijani, vimejaa tele. Kumbe chakula cha maski ndicho hicho! Jirani yake alikuwa amebomoa ua wa mbao za mwerezi, Bagalwa akamwomba ubao mmoja.

"Mwerezi!" Naftali akasema. "Solomoni alijenga hekalu kwa mti huo, wewe unavulia nao."

Akachonga kisamaki cha shubiri moja, akakitia madini ya risasi tumboni kiwe kizito, akakipaka manjano na kijani, akaenda kukijaribu katika beseni la kuogea. Kikageuka chali. Akakirudisha mezani, akapunguza shavu. Kikaenda upande kama mlevi. Mara ya nne kikasimama sawasawa, kikatikisa mkia, na Bagalwa, peke yake bafuni, akapiga makofi.

Jumamosi ya mwisho ya Oktoba upepo ulikuwa mkali. Walitupa tangu asubuhi, ikapita saa sita, ikapita saa tisa. Maski ana tabia ya kufuata chambo polepole mpaka ubavuni mwa mashua, kwa hiyo kabla ya kukitoa majini unakizungusha kwanza, unachora namba nane majini. Bagalwa alikuwa amechora nane mpaka amezichukia. Moyoni alikwishaanza kuiaga meza yake.

Akachora nyingine. Chini ya kisamaki cha manjano kivuli kikapanda, kirefu, bila haraka. Maji yakapasuka.

"Mungu wangu! Naftali!"

"Shikilia, mzee! Usimwachie!"

Walihangaika naye mpaka wakamtia wavuni. Wakampima, inchi hamsini na moja. Na sheria ya jimbo inasema asiyefika hamsini na nne anarudi majini. Naftali akatoa simu apige picha, kumbe baridi imekwisha kuizima, na ya Bagalwa ilikuwa nyumbani. Basi Bagalwa akamshika mkia ndani ya maji ya barafu, akamtuliza mpaka alipopata nguvu, akamwachia. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

Nyumbani Mukamana alikuwa ameshasonga bugali na kupika sombe ya majani ya muhogo, na kikaango kilikuwa tayari.

"Samaki yuko wapi?"

"Tumemrudisha."

"Mmemrudisha," Mukamana alisema polepole. "Watu wazima wawili."

"Haki ya Mungu, shemeji, alikuwa hivi!" Naftali, aliyeingia naye, akapanua mikono, na hapo akaharibu kabisa, maana kanisa zima liliijua mikono ya Naftali kwa kutia chumvi.

Bagalwa hakubishana. Akakiweka chambo mezani. Rangi ilikuwa imechubuka kwa mistari mirefu. Mukamana akafuta mikono, akakiinua kwenye taa, akapitisha ukucha. Ukucha ukakwama. Akachukua kisu, akachokoa, na jino likamwangukia kiganjani, jembamba, jeupe.

Akaliweka kando ya chambo. "Basi, meza ikae," akasema, akaanza kupakua.

Alisema kwa sauti ya mtu anayewaza saa kumi na moja na barafu. Bagalwa aliisikia sauti hiyo vizuri. Alikuwa ameshinda, na bado bugali wake akausogeza kando.

Theluji ilianguka katikati ya Novemba. Mukamana akaamka, akavaa koti, akashika kadi yake ya benki, akatoka. Gari halikuwa uani. Akafungua garaji. Gari lilikuwa ndani, kavu. Ile meza ilikuwa imekatwa katikati kwa msumeno, ikatiwa bawaba, ikakunjwa ukutani, na randa na patasi zimetundikwa juu yake. Bagalwa alisimama kando, ameshika ufunguo, vumbi la mbao limemjaa kichwani.

Mukamana akaikunjua meza kidogo, akaikunja tena.

"Papa Reine, akili hii ilikuwa wapi miaka miwili?"

"Ilikuwa inachonga sambaza," Bagalwa akajibu, akamfungulia mlango wa gari.