Mshenga wa Maua ya Magome

Simu ya hospitali ililia Ijumaa saa tatu asubuhi, dada mtu akiwa katikati ya pindo la sketi. Muuguzi aliongea polepole, kama mtu anayevuka kijito kwa kukanyaga mawe: kaka yako alikunywa uji, akataniana na mgonjwa wa kitanda cha pili, akajilaza kidogo. Moyo wake ulisimama usingizini. Dada mtu akasema asante. Akaiweka simu kando ya mashine, akamalizia pindo mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno, ndipo akalia.

Alipoinua uso, kitu cha kwanza alichokiona dirishani ni lile ua. Lilikuwa jeupe, la mkia mrefu, likining'inia kwenye kipande cha gome ukutani kama chura aliyeruka akasahau kutua. Lilikuwa limechanua tangu Jumatano. Naye alikuwa ameahidi kwamba hataligusa mpaka kaka yake arudi nyumbani Jumamosi.

Kaka huyo mtaa mzima ulimwita Mshenga. Kwa miaka thelathini na mmoja alifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao, kwenye kituo cha kumenya magogo, pale gome linapobanduliwa kabla gogo halijaenda kwenye msumeno. Wenzake waliona magome. Yeye aliona wapangaji. Magogo ya msituni yalifika na mimea imeyakumbatia, mimea ya jamii ya okidi, isiyohitaji udongo. Wenzake walisema ni kupe wa miti. Mshenga aliwatetea kama wakili: hawa hawanyonyi mti hata tone, wameazima kiti tu, maji wanakunywa ya mvua na ya umande. Alichomeka kisu chini ya mizizi, akabandua mmoja mmoja, akaweka kwenye mkebe wake wa chakula. Mkebe uliotoka nyumbani na wali ulirudi na msitu.

Ndivyo ukuta wa uani ulivyojaa. Kulikuwa na okidi ambayo jani lake halizidi punje ya mchele, na ua lake lilihitaji miwani. Kulikuwa na nyingine iliyokaa kimya mchana kutwa, ikatoa harufu jua likizama tu, kwa sababu mgeni wake ni nondo, na nondo hatembei mchana. "Aliyeumba tembo," Mshenga alipenda kusema, "kwa hiki kidogo aliinama." Kwake yeye Mungu alikuwa na utani, na utani wenyewe aliuficha kwenye magome ili waupate wenye kuchungulia.

Utani mwingine uliwatoa jasho. Siku mchungaji alipokuja kuwaombea, nyumba ilinuka mzoga. Dada mtu, kwa aibu, alisogeza kabati, akapiga ufagio chini ya kochi, akimsaka panya aliyekufa. Mchungaji aliomba sala fupi kuliko zote alizowahi kuomba, kitambaa kikiwa puani. Alipofika "amina" Mshenga alikuwa ameshaingia na chungu mkononi, na ndani yake ua jekundu lenye manyoya, nzi wakilizunguka. Akaeleza kwa fahari kwamba hii haiwahitaji nyuki. Inawaita nzi, na nzi huwezi kumwita kwa marashi. Mchungaji alilitazama lile ua muda mrefu, halafu akauliza kama Nuhu naye alilazimika kulibeba.

Jina la Mshenga lilitokana na kijiti cha meno. Okidi nyingi zina mdudu wake mmoja tu wa kupeleka chavua, zile punje za njano za upande wa kiume, na mdudu huyo amebaki msituni. Uani hakuna wa kuzioza. Basi Mshenga alichukua kijiti, akabandua punje kwenye ua moja, akazibandika kwenye ua la jirani yake, huku akiwasomea wajibu wa ndoa. Alioza maharusi wasiohesabika. Mwenyewe hakuoa. Akiulizwa, alijibu kwamba mganga hajigangi.

Lakini harusi moja ilimshinda, na hiyo ndiyo ya lile ua jeupe.

Mmea wenyewe waliuita Tambi, kwa kuwa hauna jani hata moja. Ni mizizi mitupu iliyosambaa kwenye gome, myeupe ikikauka, ya kijani ikilowa, na hiyo mizizi ndiyo inayofanya kazi yote ya majani. Siku ulipofika nyumbani, miaka saba iliyopita, dada mtu aliukuta juu ya meza, akadhani ni nyuzi za gunia, akautupa jalalani. Mshenga aliingia jalalani mpaka kiunoni, akatoka nao, akausuuza. Alipomaliza kuutundika ndipo aliposema kwamba katika shule zote alizosoma mdogo wake, hakufundishwa kubisha hodi kabla ya kumtupa mtu nje.

Tambi zilikuwa mbili. Ya pili ilitoka kwenye gogo jingine, ikachukuliwa na fundi wa msumeno, rafiki yake wa kiwandani, akaifunga kwenye nguzo ya baraza lake. Baada ya hapo magogo ya msituni yalikoma. Kiwandani ikawa inaletwa misonobari ya kupandwa, ambayo gome lake halina mpangaji. Mshenga hakuwahi kuiona Tambi ya tatu. Hizi mbili zisipopata mbegu, alisema, ukoo umeishia ukutani kwetu. Na hizi mbili hazikuwahi kuonana: ya fundi ilichanua miezi mitatu kabla ya hii, na kila moja ilitoa ua moja tu kwa mwaka. Ua la Tambi ukilioza kwa chavua yake lenyewe, halishiki.

Mshenga akapata akili. Alichukua chavua ya Tambi ya fundi, akaitia kwenye kichupa cha dawa ya macho pamoja na punje za mchele mkavu za kunyonya unyevu, akakiweka kwenye friji nyuma ya mayai. Miezi miwili baadaye dada mtu alisafisha friji. Kichupa alikisuuza kwa sabuni, akakianika.

Alipoambiwa alichofanya, alikaa chini. Kaka yake alimtazama, akatazama kichupa kinavyometameta juani, akaanza kucheka mpaka akashika ukuta. "Mdogo wangu," alisema, "umemuosha bwana harusi mpaka akaisha."

Alicheka yeye. Dada mtu hakucheka. Mwaka uliofuata Tambi yao haikuchanua kabisa, na kila alipofungua friji aliliona lile pengo nyuma ya mayai.

Mwaka huu kichupa chenye chavua mpya ya Tambi ya fundi kilikuwepo, na mlangoni mwa friji Mshenga alibandika karatasi: BWANA HARUSI AMELALA. Chipukizi la ua lilipotokeza, moyo nao ukaanza kumsumbua, akalazwa. Kitandani hakuuliza habari za moyo wake, aliuliza ua lina urefu gani. Jumatano dada mtu alipomwambia limefunguka, macho yakamng'aa. Madaktari walikuwa wamemwahidi ruhusa Jumamosi. "Usiliguse," alimwambia. "Nisubiri. Hii nataka niioze mwenyewe."

Jumamosi ilifika. Watu walijaa sebuleni, viti vikaazimwa, na ua likaanza kupata mstari wa kahawia kwenye ncha ya mkia. Fundi wa msumeno alikuja mapema, akakaa uani na kofia yake magotini. Dada mtu alimweleza ile ahadi. Alisema anaogopa mambo mawili: kuivunja, na kuharibu kwa mara ya pili.

 Fundi akainua mkono wake wa kulia, ambao msumeno ulikwisha kuula vidole viwili.

"Mimi ningekusaidia, dada, lakini hivi nilivyobakiziwa havishiki hata kijiko vizuri," alisema. "Na yeye, macho yalivyomfifia mwaka huu mzima, nani alikuwa anamtungia uzi kwenye sindano?"

"Mimi."

"Basi. Alisema umsubiri kwa sababu alitaka raha yake. Mkono wa kuifanya alijua ni wako."

Dada mtu akaenda kunawa, akavaa miwani ya kushonea. Alitoa kwanza chavua ya ua lenyewe, akambandikia fundi kwenye karatasi aipeleke kwake ikangoje zamu ya Tambi yake kuchanua. Kisha akatoa kijiti, akakilowesha ncha, akaokota punje moja ya njano kutoka kwenye kichupa. Pumzi aliibana kama anavyoibana akishona shingo ya gauni la harusi. Chini ya kikofia cha ua kuna kishimo chenye utando unaonata. Akaiweka punje pale, ikashika. Akaweka ya pili. Fundi, aliyekuwa amevua kofia, alisema kwa sauti ya chini kwamba wajibu wa ndoa haujasomwa. Dada mtu aliusoma, akakosea katikati, wakacheka wote wawili, machozi yakiwatoka.

Jumatatu asubuhi ua lilikuwa limenywea, limejikunja kama kitambaa kilicholowa. Mama mmoja jirani aliliona, akatikisa kichwa, akasema hata ua limemlilia mwenyewe. Dada mtu alilisogelea. Nyuma ya ua, pale kikonyo kilipokuwa chembamba kama uzi, palikuwa pamevimba na kuwa kijani. Ua ambalo halijaozwa hukaa wiki nzima likingoja. Lililoozwa halina tena wa kumngoja. Alimshukuru Mungu hapohapo, akaenda kuvaa nguo zake nyeusi.

Walimzika saa nane mchana. Jeneza walilitengeneza wenzake wa kiwandani kwa mbao walizoranda wenyewe, na ubao mmoja wa pembeni waliuacha na gome lake. Mchungaji alisimulia kisa cha ua lililonuka, na watu wakacheka makaburini bila kuoneana haya. Maua ya kukatwa hayakuletwa, kwa kuwa marehemu hakuyapenda. Waliimba wimbo mmoja, wakasali. Fundi wa msumeno na wanaume watano waliteremsha jeneza kwa kamba, taratibu, mpaka likakaa. Dada mtu alichukua udongo kwa mkono wa kulia, akautupia mara tatu, akasema, "Kwa heri, kaka. Imeshika." Akarudi nyuma kuwapisha wengine, na majembe yakaanza kazi.