Vitenge Ndani ya Gunia la Maharage

Sisi tuliokulia Mpemba, karibu na mpaka wa Zambia, kabla kila mtoto hajawa na skrini yake mfukoni, televisheni tuliitazama kwa jirani, tena baada ya kunawa miguu. Jirani yetu alikuwa Mama Zuhura, mtu wa Tanga, mumewe dereva wa malori ya kwenda Zambia. Jumapili jioni tulijazana mkekani kwake, wazazi wakiwa kwenye makochi, kuangalia tamthilia ya mji mdogo wa pwani. Bahari hatukuwahi kuiona, kwa hiyo tuliamini kila kitu: kinyozi anayemnyoa mbuzi ndevu, mwenyekiti wa mtaa anayeendesha kikao akiwa ndani ya maji hadi kiunoni. Tulicheka mpaka karanga zikatupalia.

Jumapili moja mke wa yule mwenyekiti akaficha khanga mpya kwenye gunia la mchele ili mumewe asijue. Baba alicheka kuliko wote. Kisha akamtazama Mama. Tulipofika nyumbani akaenda moja kwa moja stoo, akatumbukiza mkono kwenye gunia la maharage, akatoa vitenge vitatu vya Nakonde, ng'ambo ya mpaka.

Vilikuwa vya Mama, alivinunua kwa siri. Hasira zake zote zilikuwa kwa Mama Zuhura, maana ndiye pekee aliyekuwa amemwambia siri hiyo. Asubuhi walikutana bombani.

"Siri yangu imefikaje pwani?"

"Wallahi, Mama Neema, hao watu wa televisheni mimi nitawajulia wapi?"

"Si kwenu huko?"

Basi. Tukakatazwa kukanyaga kwao. Mimi na Zuhura, tulioruka kamba pamoja kila siku, tukawa tunapishana kama wageni. Nilimkata jicho nikiamini anatusikiliza apeleke habari. Nyumbani tuliongea kwa kunong'ona, madirisha yamefungwa. Miezi michache baadaye walihama, na hatukutoka kuwaaga. Hilo linaniuma mpaka leo.

Siku hizi binti yangu akigombana na mchumba, anawatangazia mtandaoni watu asiowajua kabla hata machozi hayajakauka. Hana anayemshuku. Nilipomsimulia habari za vitenge alicheka, akaniuliza: "Kwani Bibi alidhani ni yeye peke yake anayeficha nguo?"

 Mimi nina televisheni kubwa sebuleni na ukuta mrefu wenye vipande vya chupa juu. Nyumba ya pili wanaishi watu. Nasikia geti lao likifunguliwa, jina lao silijui. Siri zangu zote ziko salama, maana sina wa kumwambia.